Kuchagua heda ya ekzosi bila kupoteza katalisti: mwongozo kwa wenye magari Malindi

Kabla hujaulizia bei ya heda (mirija inayofungwa badala ya manifoldi, kile kipande cha kwanza cha ekzosi kwenye injini), ingia chini ya gari na tochi utazame mambo matatu. Katalisti iko wapi? Sensa za oksijeni ni ngapi na zimekaa wapi? Je, kuna bomba jembamba linalotoka kwenye manifoldi na kurudi kwenye injini? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokuchagulia heda. Anayeanza kwa kununua heda huishia kwa fundi wa kuchomelea akikatiwa katalisti kwa sababu "haikuingia". Baada ya hapo taa ya injini inawaka, mafuta yanaliwa zaidi, na harufu ya petroli mbichi inawafuata majirani mpaka ndani ya vichochoro vya Shela na Maweni.

Katalisti ni lile kopo la chuma lenye masega ndani, lililounganishwa kwenye bomba la ekzosi. Magari mengi ya Malindi ni ya Kijapani yaliyoshukia bandari ya Mombasa: Probox, Fielder, Vitz, Impreza, Forester. Kwa kiwango cha KS 1515, gari la mtumba haliingizwi Kenya likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo gari la petroli lililoingia miaka hii lilitoka kiwandani na katalisti, pamoja na kompyuta inayoichunga. Mwongozo huu ni wa magari hayo ya petroli. Dizeli ina mambo yake.

Heda inaongeza nini

Manifoldi ya kiwandani mara nyingi ni kipande kifupi cha chuma cha kusubu. Njia zake ni fupi na hukutana haraka, hivyo gesi ya silinda moja inagongana na ya nyingine. Heda huipa kila silinda mrija wake, mrefu kidogo na wa urefu unaokaribiana na wenzake. Gesi inapotoka kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kufyonza masalio ya moshi kwenye silinda inayofuata. Hiyo ndiyo faida yote, na kwenye injini ndogo ni faida ya wastani: nguvu farasi chache, nyingi zikionekana injini ikipita mizunguko 4,000. Anayekuahidi nguvu farasi 20 kwa heda peke yake kwenye injini ya 1NZ-FE ya sisi (cc) 1,497 anataka pesa yako.

Kuna miundo miwili mikuu. Katika ule wa 4-1, mirija minne hukutana mahali pamoja. Huu hufaa injini inayopelekwa juu muda mwingi. Katika ule wa 4-2-1, mirija huungana miwili miwili kwanza, halafu hiyo miwili ikawa mmoja; huu hutoa nguvu katikati, mizunguko 2,000 hadi 4,500. Kwa gari linalopanda matuta, kusubiri tuktuk na kuondoka tena mara mia kwa siku, chukua 4-2-1. Hakikisha imeunganishwa sawasawa: injini inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, mrija wa silinda ya 1 uungane na wa 4, na wa 2 uungane na wa 3. Heda za bei rahisi zipo zilizounganisha 1 na 2 kwa sababu ni rahisi kuzikunja, na hizo hazikusaidii kitu.

Katalisti kwanza

Utaikuta katika mojawapo ya mahali patatu.

Pa kwanza ni ndani ya manifoldi yenyewe, vikiwa kipande kimoja. Hapa ukiitoa manifoldi umeitoa na katalisti. Una njia mbili tu za haki: heda inayokuja na katalisti yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini hiyo, au kuiacha ya kiwandani mahali pake. Usikubali ushauri wa kuweka heda tupu na "kuchomelea kopo lolote" huko chini.

Pa pili ni chini kidogo ya manifoldi, ikiwa imefungwa kwa bolti. Hapa tafuta heda fupi inayoishia palepale manifoldi ya zamani ilipoishia, flenji (bamba la kufungia bolti) ikiwa na matundu yaleyale. Pima kutoka uso wa hedi ya injini hadi flenji ya katalisti kabla ya kuagiza. Ikipitiliza hata sentimita 2, bomba lote la nyuma litalazimika kusogezwa, na mafundi wengi husogeza kwa msumeno.

Pa tatu ni chini ya sakafu, miguuni pa abiria wa mbele. Hapa una uhuru zaidi, lakini usiirudishe nyuma. Baadhi ya magari yana mbili, ndogo karibu na injini na kubwa chini ya sakafu. Zote mbili zinabaki.

Sababu ya kutoisogeza ni joto. Katalisti huanza kazi ikifika nyuzi 250 hadi 300 za selsiasi. Ikikaa karibu na injini hufika huko mapema. Ukiisogeza nusu mita nyuma na kuiwekea mirija mirefu inayopoteza joto njiani, gari la kutoka Barani hadi sokoni na kurudi linaweza kumaliza safari kopo likiwa vuguvugu. Safari zote za siku hiyo zimetoa moshi mchafu hata kama katalisti iko pale na ni nzima.

Nayo kazi yake si ndogo. Hugeuza monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kuwa kaboni dioksidi, maji na nitrojeni. Lakini hufanya hivyo tu ikiwa mchanganyiko wa hewa na petroli uko karibu na 14.7 kwa 1, na anayeushikilia hapo ni kompyuta kwa kusoma sensa ya mbele. Sensa ya nyuma hupima kama katalisti inafanya kazi. Ndiyo maana vitu hivi haviachani: ukivuruga kimoja umevivuruga vyote.

Ipime katalisti yako kabla ya kutumia senti kwenye heda. Injini ikiwa baridi, ligonge kopo kwa ngumi au nyundo ya mpira. Nzima husikika nzito. Iliyovunjika masega hucheza kama mawe ndani ya debe. Iliyotolewa utumbo hulia kama mkebe mtupu. Na hizo ziko nyingi, kwa kuwa masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wako wanaoyatoa na kuyauza gari likiwa limeachwa gereji. Ili kujua kama imeziba, toa sensa ya mbele, funga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, washa injini. Ikizunguka yenyewe bila kukanyagwa, geji isizidi kPa 10 hivi. Ukiikanyaga hadi mizunguko 2,500, isizidi kPa 20. Ikizidi hapo, kizuizi kiko kwenye masega au baada yake, na heda ya bei yoyote haitabadilisha kitu. Nunua katalisti kwanza. Ya badala iwe na alama ya E ndani ya duara pamoja na namba ya idhini. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu katalisti za badala ni R103.

Usukani wa kulia

Hapa ndipo pesa za Wakenya wengi hupotelea. Heda zenye idhini nzuri kabisa ya moshi hutoka Marekani, ambako California ina bodi yake ya hewa, CARB. Kifaa kilichopimwa na kuonekana hakiharibu udhibiti wa moshi hupewa namba ya idhini inayoanza na herufi D, na namba hiyo hubandikwa kwenye kifaa au kuambatana na kibandiko cha kuweka chini ya boneti. Namba inahusu modeli, mwaka na injini fulani tu. Heda iliyoandikwa kuwa ni ya mashindano pekee haina idhini hiyo, na kwa kawaida haina pa kufunga vifaa vyote vya moshi.

Shida ni kwamba Marekani usukani uko kushoto. Kwenye gari letu shafti ya usukani hushuka upande wa kulia, na kwenye injini ambayo ekzosi yake imeelekea ukuta wa nyuma, mrija wa heda ya Marekani unaweza kupita palepale shafti ilipo. Mrija ukigusa shafti, usukani unaweza kukwama. Kwa hiyo namba ya CARB itumie kama ushahidi kwamba mtengenezaji anajua kazi yake, kisha muulize muuzaji swali moja: imeshafungwa kwenye gari la usukani wa kulia lenye msimbo wa bodi kama wangu? Msimbo huo uko kwenye kibati ndani ya chumba cha injini. Probox ya NCP51 na ya NCP55 zote hutumia 1NZ-FE, lakini NCP55 ni ya kuvuta magurudumu yote na ina shafti ya kwenda nyuma chini ya sakafu. Heda ya moja haimaanishi itaingia kwenye nyingine. Fielder ni vivyo hivyo: NZE141 si NZE144. Uliza pia kama ni ya gia otomatiki au ya mkono.

Heda zilizotengenezwa Japani kwa soko la Japani hazina tatizo la usukani. Ila alama ya JASMA mnayoiona kwenye bidhaa za huko ni ya kelele. Haikuhakikishii chochote kuhusu katalisti.

Kwa wenye Impreza na Forester: kwenye injini za EJ heda hukaa chini ya injini, karibu na ardhi. Pima nafasi iliyobaki kutoka sehemu ya chini kabisa hadi chini, gari likiwa na watu wanne. Heda inayoshuka zaidi ya ile ya kiwandani itakwaruza kwenye tuta la kwanza, na flenji yake ndiyo itakayopigwa.

Vyuma na chumvi

Malindi chumvi iko hewani mwaka mzima, na kusi ikivuma magari yanayolala Casuarina au Silversands huamka na utando mweupe kwenye vioo. Utando huohuo uko chini ya gari. Kila mara ekzosi inapopata moto na kupoa, unyevu wenye chumvi hurudi juu ya chuma kilichopoteza rangi.

Heda ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi nyeusi inang'aa dukani. Rangi yake huungua safari za mwanzo, kisha kutu huanza kwenye maungio. Kwa mji huu usiinunue. Chuma kilichopakwa alumini ni nafuu, isipokuwa pale kilipochomelewa, maana moto wa kuchomelea huondoa alumini, na hapo ndipo kitakapotoboka. Stenlesi ya 409 ndiyo hutumika sana kwenye ekzosi za viwandani. Hushika kutu ya juu juu, rangi ya chai, lakini hudumu. Stenlesi ya 304 ndiyo bora kwa pwani, ingawa nayo chumvi huitia vidoa na vijitundu vidogo isiposafishwa.

Chukua sumaku ya mlango wa friji ukienda dukani. Iweke katikati ya mrija, mbali na maungio. 304 haitaivuta, au itaivuta kidogo sana pale mrija ulipokunjwa. 409 na chuma cha kawaida zitaidaka. Muuzaji akikwambia ni 304 na sumaku imeng'ang'ania kama kupe, shukuru na utoke.

Kisha ingiza kidole ndani ya tundu la flenji, pale mrija unapokutana nayo. Uchomeleaji mzuri ni laini au umesagwa. Ukikuta ukuta wa chuma umejitokeza ndani kama fizi, gesi itagonga hapo kila mara, na ile faida ndogo uliyoilipia imekwisha. Weka rula ya chuma juu ya uso wa flenji, pima mwanya kwa geji ya majani: jani la 0.3 mm lisipite popote. Flenji iwe na unene wa mm 8 hadi 10; nyembamba kuliko hapo hujikunja kwa joto na kuanza kuvuja mwishoni, kwenye silinda ya 1 na ya 4. Ukuta wa mrija uwe mm 1.5. Wa mm 1.2 ni mwepesi lakini hupasuka mapema, hasa 304, ambayo hutanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida. Ndiyo sababu heda ya 304 inahitaji kipande cha bomba linalonyumbulika baada yake. Kama ekzosi yako haina, ongeza.

Unene wa mirija usikutie tamaa. Kwa injini ya sisi 1,300 hadi 1,800 isiyo na tabo, mm 38 hadi 42 kwa nje yatosha. Mikubwa zaidi hupunguza kasi ya gesi, gari likawa zito kuondoka na gesi ikapoa kabla ya kufika kwenye katalisti.

Usiifunge heda kwa kitambaa cha kuzuia joto huku pwani. Hunyonya unyevu wa chumvi na kuushikilia juu ya chuma usiku kucha. Ukitaka kuzuia joto, tumia upako wa kauri au ngao ya bati iliyoachana na mirija.

Sensa na mabomba madogo

Tundu la sensa ya oksijeni ni la nyuzi za M18×1.5 karibu kwenye magari yote haya. Likiwepo haitoshi, maana mahali pake pana maana. Sensa ya mbele ikae baada ya mirija yote kuungana ili isome silinda zote nne, na iwe kabla ya katalisti. Ikikaa kwenye mrija mmoja, kompyuta itaiendesha injini nzima kwa habari za silinda moja. Iinamishwe angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa usawa, ncha ikitazama chini, ili maji yanayotengenezwa ekzosi ikiwa baridi yasikae ndani yake na kupasua kauri. Isikae ndani ya kona inayogusa ukingo wa chasisi, kwani waya utakwanyuliwa na jiwe. Sensa ya nyuma ibaki baada ya katalisti.

Pima urefu wa waya. Ukipungukiwa, nunua kiungo chenye soketi za sensa hiyohiyo. Ukilazimika kuunganisha waya, tumia viungo vya kubana na uvifunike. Usitumie risasi ya kuchomelea. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya zake, na risasi pamoja na dawa yake huziba njia hiyo. Magari mengi ya Toyota yana sensa ya mbele ya aina ya uwiano wa hewa na petroli. Haibadilishani na ya kawaida hata kama nyuzi zinaingia.

Kuna ujanja unaouzwa gereji: kipande cha chuma cha kuisogeza sensa ya nyuma nje ya moshi ili kompyuta idhani katalisti ipo. Ukipewa hicho pamoja na heda, ujue unanunua heda isiyofaa.

Bomba jembamba ulilolitafuta mwanzoni huenda ni la EGR, linalorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza joto la mwako. Gari lako likiwa nalo, heda iwe na pa kulifungia. Ukiliziba, oksidi za nitrojeni hupanda na injini inaweza kugonga gogogo ukipanda mlima au ukibeba mzigo. Magari mengine yana bomba la pampu ya hewa inayosaidia katalisti kupata moto haraka; nalo libaki. Na kwenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 kuna sensa ya joto la ekzosi yenye taa yake ya onyo. Wengi hudhani ni sensa ya oksijeni ya pili. Tazama iliko kabla hujang'oa.

Kufunga

Tenga siku nzima, na uanze jioni iliyotangulia. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye kila nati ya manifoldi, rudia baada ya saa mbili, rudia tena asubuhi. Gari lililokaa Malindi miaka mitano utakuta nati zimeliwa mpaka pembe zake sita zinakaribia duara. Hizo zipigie soketi ya pembe sita, si ya kumi na mbili. Ikigoma, ipashe moto nati yenyewe, irudishe kidogo mbele na nyuma. Bolti ikikatika ndani ya hedi, simama hapo umtafute fundi mwenye mashine. Kutoboa kwa mkono huharibu hedi ya aluminiamu.

Toa waya hasi wa betri. Gari likae juu ya stendi, usilitegemee jeki. Fungua sensa kwa soketi ya mm 22 yenye mwanya wa waya, injini ikiwa vuguvugu kidogo. Toa ngao za joto na uzihifadhi, zitarudi. Mara tu bolti za flenji ya chini zikitoka, litundike kopo la katalisti kwa waya. Likining'inia kwa uzito wake masega yanaweza kupasuka.

Safisha uso wa hedi kwa kikwaruzo cha plastiki na brashi, kisha weka rula kama ulivyofanya kwenye flenji. Gasketi iwe mpya, ya chuma cha matabaka, ya injini hiyo. Usipake silikoni. Mvuke wa silikoni ya kawaida hufunika ncha ya sensa ya oksijeni na kuiua, nao hudhuru katalisti pia. Tundu la heda liwe sawa na la hedi au kubwa kidogo; likiwa dogo, litanuliwe kwa faili kabla ya kufunga.

Funga kila kitu kwa mkono kwanza: hedi, flenji ya katalisti, bomba, mipira ya kuning'inizia. Bila kukaza. Kisha tikisa bomba lote mpaka likae lenyewe bila kulazimishwa, ndipo uanze kukaza, kutoka katikati ya hedi kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Bolti za M8 hukazwa kwa Nm 20 hadi 27, lakini kipimo cha kitabu cha injini yako ndicho cha kufuatwa. Anayekaza hedi kabisa ndipo avute bomba likutane nayo anaacha heda ikivutana, na itapasuka kwenye uchomeleaji ndani ya miezi michache.

Sensa hukazwa Nm 40 hadi 45. Grisi ya kuzuia kushikana ipakwe kwenye nyuzi tu, isifike nchani. Sensa mpya mara nyingi huja imeshapakwa. Hakikisha mrija haukaribii chini ya mm 25 kwenye mabomba ya breki, waya, mpira wa shafti ya gurudumu au bomba la AC. Rudisha ngao. Mwisho futa heda yote kwa tina, maana mafuta ya vidole huungua na kuacha alama za kudumu kwenye stenlesi.

Kuhakikisha

Kabla ya kuwasha, chukua blowa ya kupulizia vumbi, ielekeze kwenye mdomo wa ekzosi na uzibe pembeni kwa kitambaa. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila maungio kutoka hedi hadi katalisti. Povu likichemka mahali, hapo panavuja. Usipuuze uvujaji mdogo kabla ya sensa ya mbele. Ekzosi ina mapigo; kati ya pigo na pigo hewa ya nje huvutwa ndani, sensa huona oksijeni nyingi na kudhani petroli ni kidogo, kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Plagi zinakuwa nyeusi, matumizi yanapanda, na petroli ya ziada huenda kuungulia ndani ya katalisti na kuyeyusha masega. Watu huilaumu heda, kumbe ni gasketi iliyokaa upande.

Washa. Mlio wa tik-tik-tik injini ikiwa baridi unaopotea ikipata moto ni uvujaji kwenye hedi. Iache ipate moto, izime, ipoe kabisa, kisha pima tena ukazaji. Rudia baada ya kilomita 100 hivi: Malindi hadi Kilifi na kurudi ni takriban 120, safari inayotosha.

Chomeka kisomaji cha misimbo kwenye soketi ya OBD, ile ya kukagulia kompyuta ya gari. Marekebisho ya petroli ya muda mrefu yawe kati ya −10 na +10 kwa mia. Sensa ya nyuma, injini ikiwa moto, itulie karibu na volti 0.6 hadi 0.7; ikirukaruka kati ya 0.1 na 0.9, katalisti haifanyi kazi au imekwepwa. Ukipata msimbo wa P0171 (petroli ni kidogo mno) baada ya kufunga heda, tazama uvujaji kabla ya kununua chochote. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, mara nyingi waya ulioungua kwa kugusa mrija; P0141 ni ya nyuma. P0401 ni EGR. P0420 ni katalisti, lakini usiihukumu mpaka uhakikishe hakuna hewa inayoingia kabla ya sensa ya nyuma.

Ulipotoa betri, kompyuta ilisahau vipimo vyake vya kujikagua. Taa kuzimika siku ya kwanza hakuthibitishi kitu. Liwashe gari likiwa limelala usiku kucha, liache dakika chache, pita mjini, kisha barabara kuu kuelekea Gede na kuendelea kwa kasi ya kilomita 70 hadi 80 bila kukanyaga na kuachia ovyo, dakika 20 au zaidi. Fanya hivyo siku mbili tatu. Kisomaji kikionyesha ukaguzi wa katalisti na wa sensa umekamilika, na hakuna msimbo, ndipo kazi imekwisha. Kila unapowasha swichi, taa ya injini ni lazima iwake kidogo kisha izime injini ikishika. Isiyowaka kabisa huenda imetolewa balbu.

Kisheria, kanuni za Kenya za ubora wa hewa zinahusu moshi wa magari, na zile za kelele zinahusu sauti. Heda yenye katalisti na sailensa yake haikupeleki pabaya kwenye zote mbili.

Kutunza huku kwetu: kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi msimu wa kusi, osha chini ya gari kwa maji ya mfereji ekzosi ikiwa baridi. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na kuosha kwa hayo ni kuongeza unachokiondoa. Mvua zikijaza maji barabara ya Garsen, usiingie kwenye maji marefu kopo likiwa limetoka kupata moto. Masega ya kauri hupasuka yakipozwa ghafla. Na manifoldi ya zamani usiiuze. Ipake mafuta mazito, ifunge kwenye gunia pamoja na bolti na ngao zake, iweke mahali pakavu. Siku ukiuza gari, mnunuzi anayejua ataiulizia.